Midomo

Kule Burnley wafumaji walikuwa viziwi wa saa kumi kwa siku,
si wa kuzaliwa. Mitambo mia nane ikianza kupiga
hata malaika angepuliza baragumu asisikike.
Basi walisemezana kwa midomo:
mkate umepanda, mwanao kapona surua,
huyo msimamizi mpya ana mikono mirefu, jihadhari.
Habari zilivuka vumbi la pamba, bila sauti,
mpaka upande wa pili wa kiwanda.

Shangazi yangu Hetty Entwistle
alisoma midomo kama wengine wasomavyo barua za jirani.

Jumamosi tulikaa safu ya tatu, Alhambra,
mimi na chungwa langu ndani ya karatasi.
Filamu zilikuwa bubu kwa wengine tu.
Bwana wa masharubu anapiga goti,
maandishi yanasema: Nitakungoja milele, ua langu.
Shangazi anacheka hadi kofia inamwanguka.
"Kasema nini hasa?"
"Kasema goti linamuuma, na mwenye kamera ni mbwa."
Safu nzima inatikisika.
Nyuma, wake wa wenye maduka wanatunyamazisha,
wamelipia mahaba, masikini, hawajui wanakosa nini.

Mwaka wa thelathini vikaja vipaza sauti,
vikubwa kama kabati la nguo.
Bwana Holroyd wa piano akapewa saa ya mezani na mkono wa kwaheri.

Kwanza kichekesho.
Wote walisema Kiingereza cha London,
hata aliyeigiza msichana wa kiwandani,
maneno yakimtoka yamepigwa pasi.
Tukiucheka mzaha wa kwanza, wa pili unapita chini ya kicheko.
Ilibidi tujifunze kucheka kwa kifupi.

Kisha ile ya nyimbo:
wasichana sitini wanashuka ngazi nyeupe,
visigino vikilia kama mvua juu ya bati.
Watu wakapiga makofi. Shangazi akakunja uso.
"Hariri gani ile? Pamba hiyo, imepakwa mng'aro.
Na huyo wa mbele haimbi. Anaimba mwingine,
wimbo unafika kabla ya midomo."

Ya vita ilikuja Novemba.
Sikuwa nimejua kwamba kombora lina mluzi.
Bwana Pickup muuza samaki, mbele yetu,
alishuka chini ya kiti polepole, kama mtu anayetafuta kitufe,
na hakupanda tena mpaka taa zikawashwa.
Maofisa waliongea sana kabla ya kufa, tena kwa ufasaha.
Shangazi aliziba masikio kwa viganja
akatazama vile alivyozoea kutazama.

Mumewe, Alban, alikwenda na vijana wa mtaa wetu.
Waliondoka pamoja, barua zikarudi pamoja, asubuhi moja,
tarishi akashindwa kumaliza barabara.

Pale ukingoni mwa picha, nyuma ya ofisa mwenye hotuba,
kulikuwa na askari wa kukodiwa, wa kujaza handaki tu,
uso umepakwa tope la studio.
Hakuna kipaza sauti kilichomfikia.
Midomo yake ilicheza mara mbili, tatu.
Shangazi akashusha mikono.
Akainama mbele hadi paji la uso likakaribia kiti cha Pickup.

"Kasema nini?"
Hakujibu. Tulipita duka la viazi bila kusimama.
Chini ya taa ya gesi, kona ya kanisa, akanigeukia
akaniambia, kwa midomo, bila pumzi,
kama vile mitambo yote mia nane ilikuwa inapiga kati yetu.

Mimi sikuwahi kuingia kiwandani. Nilisomeshwa nikawa karani.
Nilimwona akifunga midomo, akaifungua, akaifunga.
Tangu siku ile nimejaribu mbele ya kioo, nikinyoa.
Huenda ni mama. Huenda ni baba.
Kwenye midomo, ukitazama vizuri, ni neno moja.